Beta yenye nafasi chache: unapojiunga kujaribu apu ya kuchati, unakubali nini?

Tarehe 14 Julai 2021, WhatsApp ilitangaza kuanza kujaribu jambo ambalo watumiaji wake walikuwa wamelidai kwa miaka: kuchati kwenye kompyuta hata kama simu imezimika. Lakini haikuwafungulia watu wote. Walioanza nalo walikuwa kundi dogo la watu ambao tayari walikuwa kwenye mpango wa majaribio, na kila mmoja alipaswa kukubali mwenyewe kuliwasha. Hiyo ndiyo inayoitwa beta yenye nafasi chache.

Beta ni toleo la programu ambalo watengenezaji wameshalikamilisha kwa sehemu kubwa na kulipima wao kwa wao, ila bado hawajaliamini kiasi cha kulikabidhi kwa umma. Wanawapa watu wa nje walitumie katika shughuli zao za kila siku, ili kasoro ambazo ofisini hazikuonekana zijitokeze. Ikiwa yeyote anaweza kuingia, hiyo ni beta ya wazi. Ikiwa kuna idadi maalumu, mwaliko au sharti la kuchujwa, basi nafasi ni chache, na ukichelewa utaambiwa imejaa.

Wengi wanauona uchache huo kama upendeleo, kwamba wapo wateule wanaoonjeshwa vitu vizuri kabla ya wengine. Mimi naona sivyo, na mfano wa WhatsApp unaonyesha kwa nini.

Tangu WhatsApp Web ianze mwaka 2015, kompyuta ilikuwa kama dirisha tu la kuchungulia yaliyomo kwenye simu. Ujumbe ulipita kwenye simu kwanza. Simu ikiishiwa chaji au ikikosa mtandao, kompyuta nayo ikanyamaza. Kuliondoa tatizo hilo kulihitaji kubadilisha msingi wa mfumo wenyewe. Kila kifaa kikapewa ufunguo wake wa siri wa kufungia na kufungulia ujumbe ili wengine wasiusome, na simu ya anayetuma ikawa inafunga ujumbe mmoja mara nyingi, kila nakala kwa ajili ya kifaa kimoja cha anayepokea. Mtu mmoja aliweza kuunganisha hadi vifaa vinne pamoja na simu yake. Kosa dogo hapo lingeweza kupoteza ujumbe, au kuufikisha kwenye simu usifike kwenye kompyuta. Ukifanya badiliko la namna hiyo kwa mamilioni ya watu kwa siku moja, huna pa kurudi. Ukilifanya kwa wachache, unaweza kusimama, ukarekebisha, ukaendelea.

Waliojiunga wakati ule walipata walichotaka na mapungufu yake. Kwa mfano, kupitia kifaa kilichounganishwa hawakuweza kumpigia mtu mwenye toleo la zamani sana la WhatsApp, na kwenye kompyuta hawakuweza kuibandika chati juu ya orodha. Mambo hayo yaliandikwa wazi na kampuni kabla mtu hajakubali. Mwaka 2022 utaratibu mpya ukawa wa watu wote, na Aprili 2023 ikawezekana kuunganisha hata simu ya pili.

Kuna jambo linalozifanya apu za kuchati ziwe tofauti na programu nyingine, na nadhani halizungumzwi vya kutosha. Ukijaribu toleo jipya la kikokotoo, likikosea ni hasara yako peke yako. Mazungumzo yana watu wawili au zaidi. Wewe umekubali majaribio. Mama yako aliyekutumia ujumbe wa sauti kutoka kijijini hajakubali, wala hajui kwamba upande wako kuna toleo ambalo halijakomaa. Ujumbe wake usipokufikia, yeye atadhani umeusikia ukanyamaza. Kwa hiyo anayejaribu apu ya kuchati anawaingiza na wengine kwenye majaribio, na hiyo ni sababu kubwa ya idadi kubanwa.

Signal, apu nyingine ya kuchati, walilishughulikia hilo kwa namna ninayoipenda. Walipotaka kuleta majina ya mtumiaji, ili watu waweze kuwasiliana bila kupeana namba za simu, Novemba 2023 walianza na mazingira ya majaribio yaliyotengwa kabisa na mtandao wao wa kawaida. Aliyetaka kushiriki alifungua akaunti mpya humo na kuchati na wajaribu wenzake tu. Baadaye, Februari 2024, jambo hilo likahamia kwenye beta ya kawaida, kisha likawafikia wote. Yaani kabla ya kugusa mazungumzo ya kweli ya mtu yeyote, palikuwa na uwanja wa pembeni.

Uchache huo unapangwa kwa njia kadhaa. Kwa wenye iPhone, majaribio hupitia TestFlight, apu ya Apple ya kujaribia matoleo ya beta, ambayo hairuhusu zaidi ya wajaribu 10,000 wa nje kwa apu moja. Kwa apu yenye watumiaji wengi kama WhatsApp, nafasi hizo huisha upesi, ndiyo maana mara nyingi ukifungua linki unakuta imejaa. Kila toleo la huko hudumu siku 90, kisha haliwezi kutumika tena mpaka usasishe. Kwa Android, Play Store inampa mtengenezaji ngazi tatu: majaribio ya ndani yasiyozidi watu 100, majaribio ya waalikwa, na majaribio ya wazi ambayo nayo anaweza kuyawekea kikomo.

Njia ya mwisho ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Toleo la beta linaweza kuwa tayari kwenye simu yako, lakini jambo jipya limefungwa kwa swichi iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta kuu za kampuni, na wanaliwasha kwa akaunti chache kwanza. Ndugu wawili wanaweza kuwa na toleo lilelile, mmoja akaliona jambo jipya na mwingine asilione. Hakuna kilichoharibika. Kufuta apu na kuipakua upya hakusaidii, kunamaliza bando tu.

Kuhusu bando, mjaribu ajiandae. Matoleo ya beta husasishwa mara nyingi kuliko toleo la kawaida, na kila sasisho lina uzito wake. Kama unanunua data kwa siku, weka masasisho yasubiri Wi-Fi.

Sasa, unadaiwa nini? Kisheria, pengine si kingi: kukubali masharti, na katika baadhi ya beta za waalikwa, kutotoa picha za skrini hadharani. Lakini kiini cha mpango wote ni taarifa unazotoa. Aliyejiunga ili aone vitu vipya tu amekaa kwenye kiti ambacho mwingine angekitumia vizuri zaidi, na kwenye TestFlight mwenye apu anaweza kumwondoa mtu asiyetumia toleo la majaribio.

Taarifa nzuri haihitaji utaalamu. "Apu inasumbua" haimsaidii mtu yeyote. Msaada ni kueleza aina ya simu, toleo la Android au iOS, namba ya toleo la apu, ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia na kilichotokea. Kwa mfano: "Natumia Tecno yenye Android 13. Nilirekodi ujumbe wa sauti, nikabonyeza kutuma, data ikakatika katikati. Data iliporudi, ujumbe ulionyesha umekwenda, lakini mwenzangu hakuupata. Nimerudia, imetokea tena." Hapo mhandisi ana mahali pa kuanzia. Kama kuna picha ya skrini, ficha majina na namba za watu kabla ya kuituma.

Nimetaja Tecno na data inayokatika kwa makusudi. Simu zenye hifadhi ndogo, laini mbili kwenye kifaa kimoja, mtandao unaoshuka ukitoka mjini, watu wawili wanaotumia simu moja nyumbani: haya ndiyo maisha ya kawaida kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, na mhandisi mwenye simu ya bei kubwa na Wi-Fi isiyoyumba hawezi kuyaona akiwa mezani kwake. Lugha nayo imo humo. Maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu kuliko ya Kiingereza, hivyo kitufe kilichotosha kwa lugha moja hukatwa katikati kwa nyingine. Anayetumia apu kwa Kiswahili ndiye atakayegundua. Natamani wengi wetu tujiunge kwa sababu hiyo hasa. Kasoro ambayo hakuna aliyeitaja wakati wa majaribio inaweza kutufikia sote kama ilivyo.

Tahadhari moja haina budi kusemwa kwa nguvu. GB WhatsApp na nduguze si beta. Hizo ni apu zilizotengenezwa na watu wengine nje ya kampuni, hazipo Play Store, na WhatsApp huzifungia akaunti zinazozitumia. Beta halali hupatikana Play Store, TestFlight, au kwenye tovuti rasmi ya mwenye apu. WhatsApp na Signal hazitozi ada ya kujiunga, kwa hiyo anayekuomba utume pesa kwa M-Pesa ili akupatie nafasi ni tapeli. Anayekuomba zile tarakimu sita zinazokuja kwa SMS ni hatari zaidi, maana hizo ndizo zinazofungua akaunti yako kwenye simu nyingine.

Kujiunga kwenyewe ni rahisi. Kwa Android, fungua ukurasa wa apu kwenye Play Store, teremka chini hadi sehemu inayokualika kujaribu beta, kubali, subiri dakika kadhaa, kisha sasisha. Kabla ya kukubali, hifadhi nakala ya mazungumzo yako. Ukishaingia, maoni unayoandika Play Store kuhusu apu hiyo humfikia mtengenezaji peke yake, hayaonekani hadharani. Mwenye simu ya pili aitumie hiyo, na kwa Signal ya kompyuta kuna nafuu nyingine: beta yake husimama kando ya toleo la kawaida, kila moja ikiwa na kumbukumbu zake.

Kutoka ndiko kunakohitaji uangalifu. Unabonyeza kujiondoa palepale ulipojiungia, lakini toleo la beta halitoweki kwenye simu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kukaa nalo mpaka toleo la kawaida lilifikie na kulipita, na hapo sasisho litakurudisha lenyewe. Ya pili ni kuifuta apu na kupakua ya kawaida, na humo ndimo mazungumzo yanamoweza kupotea. Kwa Signal, ukifuta apu bila nakala, ujumbe wote umekwenda. Isitoshe, nakala iliyotengenezwa na toleo jipya inaweza kukataliwa na toleo la zamani. Kama huna haraka, chagua kusubiri.