Konsoli "yenye gemu zake": maana yake nini?

Ukiulizia konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu kama PlayStation, pale Makoroboi au kwenye maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Mwanza, muuzaji atakutajia bei, na kabla hujashtuka ataongeza: "Na hii ina gemu zake, mama. Tekken imo, Mortal Kombat imo, God of War imo." Maneno hayo hubeba maana zaidi ya moja, na ili ujue unauziwa ipi inabidi uulize gemu hizo zimekaa wapi.

Kwa maana yake ya kiwandani, ni kampuni yenyewe kuweka mashine na gemu kwenye boksi moja kwa bei moja. Desturi hiyo ni ya zamani: Atari 2600 ya mwaka 1977 ilikuja na gemu ya Combat, Game Boy ilipoingia Marekani mwaka 1989 ilikuwa na Tetris, na baadaye Nintendo ikauza Super Nintendo pamoja na Street Fighter II. Mtu hanunui mashine isiyokuwa na cha kuchezea, na akishainunua atarudi kutafuta gemu nyingine, ambako kampuni inapata faida yake.

Siku hizi, ndani ya boksi la namna hiyo unaweza kukuta diski au kikaratasi chenye namba za siri. Diski ni mali: ukiichoka unaiuza au unabadilishana na jirani. Namba ikishaingizwa kwenye akaunti haihamishiki, na ya Ulaya haikubali akaunti iliyofunguliwa kwa nchi ya Marekani. Tena gemu yenyewe utaipakua kwa bando lako, na gemu kubwa za sasa zinavuka GB 50 bila shida. Kama mashine ni PlayStation 5 isiyo na sehemu ya diski, basi ni njia hiyo tu.

Ila muuzaji wa mtaani akisema "gemu zimo ndani", mara nyingi hazungumzii boksi la kiwandani. Anazungumzia mashine iliyotumika, ambayo fundi ameikraki, yaani ameuvunja ulinzi wake, na kuijaza gemu ambazo hazikulipiwa. Kwa mtu wa Mwanza inavutia, maana unapata gemu kumi na zaidi bila kununua diski hata moja. Kasoro zake unaziona ukishafika nyumbani. PlayStation 4 nyingi za aina hii zikizimika kabisa, ule ufunguo wa fundi, yaani programu inayovunja ulinzi, unapotea na inabidi uurudishe kabla gemu hazijakubali kufunguka. Yaani LUKU ikiisha katikati ya pambano, umeme ukirudi unaanza na kazi ya fundi kwanza. Mtoto akibonyeza kukubali toleo jipya la programu, huenda gemu zote zikagoma. Kucheza mtandaoni nako ni kujitakia kufungiwa. Kwa hiyo mwambie muuzaji aizime, achomoe waya kabisa, aiwashe upya, kisha afungue Tekken ukiwa umesimama hapo hapo. Akianza kuleta hadithi, ondoka.

Kuna pia vile vimashine vya bei ndogo vinavyoandikwa gemu mamia kwa maelfu. Hizo ni gemu za zamani, za zama za Contra, zilizochomwa kwenye chipu, na orodha ikishafika mbali zinaanza kujirudia kwa majina mengine. Kwa mtoto mdogo si kitu kibaya, mradi usivilipie bei ya PlayStation.

Sasa, kwa nini gemu za kupigana ndizo zinazotajwa kwanza? Tekken au Mortal Kombat haihitaji maelezo. Watu wawili, uwanja mmoja, mstari wa uhai juu ya kioo, na dakika chache baadaye mmoja anaachia pedi (kile kifaa cha mkononi cha kuchezea) huku waliosubiri wakigombea zamu. Hadithi hata usipoielewa unacheza tu. God of War ni gemu ya mapigano pia, lakini ya aina nyingine: ni safari ya mchezaji mmoja, yenye hadithi ndefu na maadui njiani, na unahifadhi ulipofikia ili uendelee kesho. Tamu sana kwa mtu wa nyumbani. Mwenye kibanda cha gemu kule Igoma au Kirumba anayelipwa kwa mechi haimpi kitu, kwa sababu kijana mmoja atakalia kiti mchana kutwa na wengine wataondoka.

Na kabla hujalipa, hesabu pedi. Boksi la kawaida la kiwandani huja na pedi moja, hata kama gemu iliyomo ni ya watu wawili kupigana. Ya pili unanunua mwenyewe, na ile halisi si ya bei ya kitoto. Mashine za zamani zilizotoka Marekani au Japani zigeuze usome nyuma: iliyoandikwa 120V au 100V peke yake haichomekwi kwenye umeme wetu wa 230V bila kipunguza umeme. Ikisomeka 100–240V, tafuta kichwa cha waya kinachoingia kwenye soketi yako, basi.