Setilaiti zipo, meli za nini?

"Setilaiti siku hizi huona kila kitu." Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo zaidi kuhusu utafiti wa bahari za ncha za dunia. Setilaiti huona uso wa bahari tu: barafu imeenea wapi, mawimbi, joto la juujuu. Maji ya kina cha mita 3,000 haiyafikii. Huko lazima meli isimame, kisha winchi ishushe fremu ya chuma iliyozungukwa na chupa ndefu, wazi juu na chini. Vihisi hupima joto, chumvi na kina njia nzima. Fremu ikipanda, chupa hufungwa moja moja, kila moja na maji ya kina chake. Kazi hiyo hula saa kadhaa. Fremu ikitoka majini mabaharia huikimbiza ndani, maana hewa ikiwa kali mno, maji yaliyobaki kwenye vihisi huganda na kuviharibu.

"Basi roboti zifanye." Zinafanya. Maboya ya Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, karibu 4,000, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 kutuma vipimo. Tatizo ni barafu: boya lililofunikwa halina pa kuibukia, hukaa na habari zake hadi bahari ifunguke. Sili wakubwa wa kusini, waliogundishwa kipimo kwenye manyoya ya kichwa, husaidia kupima mahali pengine. Manyoya yakinyonyoka, kifaa hudondoka.

"Meli hukata barafu kwa omo, sehemu yake ya mbele, iliyo kali kama shoka." Hapana. Omo yake imelala. Meli huiparamia barafu, na uzito ndio unaoivunja.

"Ikinaswa, safari imekwisha." Si lazima. Mwaka 1893 mvumbuzi wa Norwe Fridtjof Nansen aliiacha meli yake Fram inaswe makusudi ili barafu imbebe. Oktoba 2019 Polarstern, meli ya utafiti ya Ujerumani, ilifanya vivyo hivyo katika MOSAiC, safari ya utafiti ya Aktiki: ilijifunga kwenye bamba la barafu, injini zikaacha kuisukuma, ikaelea nalo miezi kadhaa, giza la majira ya baridi likiwemo.

"Vipimo hukaa kabatini hadi meli irudi." Vingine, ndiyo. Vya hewa havisubiri. Katika MOSAiC, kwa kawaida Polarstern ilirusha puto kila baada ya saa 6. Puto la namna hiyo hupanda kama kilomita 30, likivimba kadiri hewa inavyopungua, huku redio ndogo iliyoning'inia chini yake ikituma joto, unyevu na upepo. Linapopasuka, vipimo vimeshafika melini.