Je, mtindo wa maisha unaweza kuleta endometriosisi?

Endometriosisi ni tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake: kwenye ovari, kwenye utumbo, mara chache hata mapafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Wengi huamini mgonjwa amejitakia kwa kula ovyo na kutofanya mazoezi. Hakuna ushahidi wa hilo. Damu ya hedhi kurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, maelezo ya chanzo cha ugonjwa huu aliyoyatoa daktari Mmarekani John Sampson miaka ya 1920, huwatokea wanawake wengi mno, na wengi wao hawaugui. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti ya hatari baina ya watu ni ya kurithi. Takwimu nazo hukaidi mahubiri ya afya: wanawake wembamba hugundulika na ugonjwa huu zaidi kuliko wanene. Wamewahi kukutwa nao hata wanaume wachache waliotibiwa saratani ya tezi dume kwa estrojeni (homoni ya kike), na hawa hedhi hawaijui kabisa.

Hiyo estrojeni ndiyo ya kuangaliwa. Vidonda vya endometriosisi, yaani zile tishu zilizoota nje ya mfuko wa uzazi, vina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, hivyo hujitengenezea estrojeni vyenyewe. Estrojeni huchochea inflamesheni (mwili kuvimba na kuwaka kwa ndani), inflamesheni huzalisha kemikali iitwayo prostaglandini E2, na prostaglandini hiyo huiamsha aromatasi upya. Ni moto unaojiokotea kuni. Hakuna ushahidi kwamba mazoea ya kila siku huuwasha, ila huenda yakabadili aina ya kuni: prostaglandini E2 hutokana na mafuta ya omega-6, yaliyo mengi kwenye mafuta kadhaa ya mimea, ilhali omega-3, kama ya samaki, huzaa aina isiyo kali hivyo.

Je, hilo huonekana kwa watu? Kidogo. Utafiti uliochapishwa 2010, uliowafuatilia wauguzi zaidi ya 70,000 wa Marekani kwa miaka 12, ulikuta waliokula omega-3 kwa wingi zaidi waligundulika kwa asilimia 22 pungufu ya waliokula kidogo kabisa. Waliozidisha mafuta ya transi (mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani), asilimia 48 zaidi. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo.

Kwenye mazoezi hali ni tete zaidi. Mtu anayejikunja kwa maumivu hakimbii, kwa hiyo tafiti nyingine huenda zinapima ugonjwa unavyozuia mazoezi, si mazoezi yanavyozuia ugonjwa. Majaribio machache, madogo, yameripoti maumivu kupungua. Kwamba vidonda vyenyewe husinyaa, hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha.