Alice Cooper hakunywa damu ya kuku

Kwa zaidi ya miaka 50 watu wamesimuliana kwamba mwimbaji wa roki wa Marekani, Alice Cooper, alimng'ata kuku kichwa jukwaani na kunywa damu yake. Si kweli. Septemba 1969, katika tamasha mjini Toronto, Kanada, kuku hai alitokea jukwaani katikati ya onyesho. Cooper, mwanamume wa mjini asiyejua ufugaji, alidhani chochote chenye mabawa kitaruka, akamrusha hewani. Kuku akaangukia kwa watazamaji, na wao ndio waliomrarua. Magazeti yakamtwika Cooper lawama. Frank Zappa, mwanamuziki ambaye kampuni yake ilitoa santuri za bendi ya Cooper, alimpigia simu kumuuliza. Alipoambiwa ukweli, akamshauri asikanushe. Uvumi ule ulikuwa na faida kibiashara.

Kinachonisikitisha ni kwamba kisa hicho kimefunika habari kubwa zaidi. Cooper, mtoto wa mhubiri, alikuwa mlevi kupindukia. Mwaka 1977 alilazwa New York kutibiwa ulevi, na kukaa kwake huko kukazaa albamu ya From the Inside (1978). Hakupona moja kwa moja: alirudia pombe, akaongeza na kokeini, na ndoa yake ikakaribia kuvunjika. Baada ya matibabu ya pili, mwaka 1983, aliacha kabisa. Yeye na mkewe Sheryl wakapatana, na wimbo wake Poison ulipovuma mwaka 1989, aliuimba bila kilevi mwilini.