Upweke wa wazee na dimensia: vinahusiana vipi?

Upweke ni uchungu wa moyo anaoupata mtu anapohisi hana mtu wake, hata kama nyumba imejaa. Kukaa mbali na watu ni jambo jingine, kwa sababu hilo linahesabika: mzee anaonana na wangapi kwa wiki, nani humjulia hali, anatoka au hatoki. Babu anaweza kuishi peke yake kule Shela, kisiwani Lamu, asiwe mpweke, maana sala tano huziswali msikitini na kila apitaye mlangoni humwamkia. Na bibi wa Langoni, mwenye wana, wakaza wana na wajukuu tele chini ya dari moja, akawa mpweke kabisa. Mashoga aliokua nao wametangulia mbele ya haki, na hakuna aliyebaki wa kumwita kwa lile jina lake la utotoni.

Dimensia nayo ni hali ya ubongo kuharibika hadi kumbukumbu, usemi na uamuzi vikapungua kiasi cha mtu kushindwa kuendesha mambo yake ya kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa. Mzee akichanganya majina ya wajukuu, hilo ni la kawaida. Akipotea kati ya msikiti na nyumbani kwake, katika vichochoro alimozaliwa, tusiseme "uzee huo" tukanyamaza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu.

Uchambuzi uliotolewa mwaka 2024, uliojumlisha tafiti za watu zaidi ya 600,000, ulikuta upweke unaongeza uwezekano wa kupata dimensia kwa asilimia 31 hivi. Hesabu hii huwatisha watu bure. Haina maana kwamba wapweke 31 katika 100 wataugua. Tuseme, kwa mfano, wazee 10 kati ya 100 wasio wapweke watapata dimensia. Kwa wapweke watakuwa kama 13.

Kwa nini iwe hivyo? Mazungumzo ni kazi kubwa ya ubongo. Wazee wanaokaa Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, baada ya alasiri wakipata habari ya msiba wa Pate, papo hapo huanza kuunganisha: marehemu ni mtoto wa nani, kaoa wapi, ndugu yake ni yupi yule aliyehamia Malindi. Anayeshinda chumbani hakosi gumzo tu. Hutembea kidogo, usingizi humruka, presha na sonona humwandama, na hayo nayo huudhuru ubongo.

Lakini mambo huenda pia kinyume. Dimensia huanza kuuharibu ubongo miaka mingi kabla ya kujulikana, na mtu akiona majina yanamtoka huona haya, akaacha baraza polepole. Kwa hiyo upweke huweza kuwa chanzo, na huweza kuwa dalili. Kumwambia mtu kuwa babake ameugua kwa sababu wanawe wako Mombasa au Uarabuni ni kumwonea, na hakuna daktari awezaye kuthibitisha hilo.

La kutazama mwanzo, kwa maoni yangu, ni masikio. Asiyesikia vizuri huitikia ovyo, watu hucheka, naye siku ya pili haji. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, iliweka upungufu wa kusikia na kukaa mbali na watu katika mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kurekebishwa. Pengine ni nta tu imeziba. Akipelekwa hospitali apimwe masikio, aulizwe na dawa anazokunywa, apimwe tezi ya shingoni (thyroid) na vitamini B12, maana kasoro hizo pia huleta usahaulifu, na zinatibika.