Roki ya kiasili ni nini?

Hapa Mombasa bendi ikipiga chakacha kwa gitaa la umeme, watu husema tu kwamba wamechanganya. Kuchanganya kuko kwa namna nyingi, na mojawapo ina historia inayojulikana vizuri: roki ya kiasili, kwa Kiingereza folk rock. Ni muziki wa gitaa za umeme, besi na dramu ambao mzigo wake mkuu ni nyimbo za jadi, zile ambazo mtunzi hajulikani na ambazo zimepokezanwa kwa mdomo kizazi baada ya kizazi. Fidla (violini) ikiingia kidogo katikati ya wimbo wa kawaida wa roki, huo bado ni wimbo wa roki. Wimbo wa kale ndio unaopaswa kuamua bendi ipige vipi.

Waliolithibitisha hilo kuliko wengi ni Fairport Convention, bendi iliyoanzishwa London mwaka 1967. Mwanzoni walipenda sana nyimbo za watunzi wa Marekani, ambako bendi ya The Byrds ilikuwa imekwisha kuvuma mwaka 1965 kwa kupiga kwa umeme utunzi wa mwimbaji Bob Dylan. Mwaka 1968 akaingia Sandy Denny, mwimbaji aliyelelewa na vilabu vya nyimbo za jadi, akaja nazo.

Kisha Mei 1969 gari lao likapata ajali wakirudi kutoka kwenye onyesho. Mpiga dramu Martin Lamble alifariki akiwa na miaka 19, pamoja na Jeannie Franklyn, rafiki wa mpiga gitaa Richard Thompson. Bendi ilikaribia kuvunjika. Waliobaki walikodi nyumba kijijini kusini mwa Uingereza, wakawachukua Dave Swarbrick wa fidla na Dave Mattacks wa dramu, huku mpiga besi Ashley Hutchings akichimbua nyimbo za kale kwenye maktaba ya Cecil Sharp House, kituo cha nyimbo na dansi za jadi kilichoko London. Desemba mwaka huo huo ikatoka albamu ya Liege & Lief. Nikiisikiliza nikijua walikotoka miezi michache kabla, heshima yangu kwao huzidi.

Chukua wimbo mmoja humo, Matty Groves. Mke wa bwana mkubwa anamwona kijana kanisani, anamkaribisha kwake usiku, na mtumishi anakimbia kumpasha habari mume. Mume anawakuta kitandani. Anamuua kijana kwa upanga, kisha mkewe, halafu anaamuru wazikwe kaburi moja, ila bibi awekwe juu kwa kuwa ni wa ukoo bora. Beti ni nyingi, kiitikio hakuna, na sauti ni ile ile kutoka ubeti hadi ubeti, kama utendi unavyoghaniwa. Denny hapigi kelele hata penye damu. Gitaa na fidla zinamwachia nafasi asimulie, na kisa kikiisha ndipo bendi inapofunguka na kupiga bila maneno kwa dakika kadhaa. Bendi ya roki iliyozoea kiitikio kila baada ya ubeti ingeukata wimbo huo vipande.

Kazi nyingine ilikuwa ya mdundo. Dansi ya jadi inayoitwa jigi huhesabiwa sita sita, ilhali dramu za roki zimezoea nne. Ukiulazimisha mdundo wa sita uingie kwenye nne, miguu ya wachezaji hupotea. Mattacks alitoka bendi za kumbi za dansi, na uchezaji wake kwenye albamu ile ni mwepesi, wenye nafasi, unaoacha fidla iongoze.

Kuhusu kipimo cha jadi, wenyewe hawakukubaliana. Kabla mwaka haujaisha Denny aliondoka, akitaka kuimba tungo zake mwenyewe, naye Hutchings akaondoka kwa sababu alitaka jadi zaidi, akaunda bendi nyingine, Steeleye Span.

Sasa turudi kwetu. Chakacha nayo huhesabiwa sita, na ilikuwa ngoma ya wanawake kwenye harusi, leso zimefungwa kiunoni, kabla haijafika jukwaani. Mwimbaji Zuhura Swaleh aliiingiza kwenye taarab, taishokoto (ala ya nyuzi yenye vibonyezo) ikiwa na umeme, na mdundo wa kina mama ukabaki ndio unaoshika usukani. Si roki, lakini kwa maoni yangu njia yake inakaribia ya Fairport kuliko bendi nyingi zenye gitaa za kelele. Them Mushrooms, bendi ya ndugu waliotokea pwani hii, waliipiga chakacha pamoja na mitindo mingine mingi. Jambo Bwana, wimbo wao uliosambaa duniani, ni utunzi wa kuwakaribisha wageni, kwa hiyo siuweki kwenye fungu hili.

Kinachonisisimua zaidi ni kile ambacho bado kina nafasi kubwa: ngoma kama sengenya ya Wadigo na mwanzele wa Wagiriama, nyimbo zenye visa ndani yake na kayamba inayotikiswa bila kukatika. Kijana mwenye gitaa la umeme na hamu ya kujaribu aanze na kayamba peke yake na mwimbaji anayeujua wimbo wote. Besi iingie baada ya hapo, ikifuata mguu wa mchezaji. Dramu ziwe za mwisho, na mpigaji akae kwanza na wazee wa ngoma mpaka ajue ni wapi wanaacha kimya.