Ada Pekee Haimbakizi Mtoto Darasani

Wengi wanaojitolea kufadhili masomo ya mtoto anayetoka katika familia maskini huanzia kwenye ada na kuishia hapo hapo. Risiti ya shule ikishapatikana, huona kazi imekamilika. Hata hivyo, mtoto aliyelipiwa ada yote anaweza kuendelea kukosa vipindi, kurudia darasa au hata kuacha shule, kwa sababu kilichokuwa kikimzuia tangu awali hakikuwa ada peke yake.

Anayefika darasani bila kula hashiki anachofundishwa. Mwenye upungufu wa madini ya chuma huchoka upesi akadhaniwa mvivu, na asiyeona vizuri ubaoni huitwa mzito wa kuelewa, ilhali miwani tu ingemtosha. Utafiti wa wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer uliofanyika Busia, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, uliripoti kwamba dawa za minyoo zilipunguza utoro shuleni kwa takriban robo. Wataalamu wamebishana baadaye kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba afya ya mtoto ni sehemu ya elimu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna jambo jingine linalosahaulika kwa urahisi, nalo ni taulo za kike pamoja na choo chenye faragha na maji.

Hali ya nyumbani nayo ina uzito wake. Mlezi akiugua au akipoteza kipato, mtoto ndiye anayeachiwa wadogo zake au kutumwa kutafuta kibarua. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kumfadhili mtoto huku mlezi wake akiachwa pembeni kama mtazamaji. Mlezi anayeshirikishwa tangu siku ya kwanza, na inapowezekana akasaidiwa kujipatia kipato, hulinda masomo hayo kuliko mfadhili aliye mbali.

Ushahidi kwamba msaada wa namna hii unazaa matunda upo. Mwaka 2013 Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion International katika nchi 6, zikiwemo Kenya na Uganda. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma kwa wastani wa mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu zaidi ya wenzao. Mpango huo haukuwa wa ada tu. Ulijumuisha pia huduma za afya, lishe, masomo ya ziada na malezi ya kiroho na kihisia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo bajeti nyingi huikata kwanza, nami siafiki, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba hana mbele anahitaji mtu mzima wa kumwuliza hali, kumsikiliza na kumwonyesha kwamba anaweza, kabla hajaona sababu ya kuhangaika na hesabu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unatambua haki ya kupata elimu katika kifungu cha 28, na kifungu cha 29 kinaeleza kwamba elimu hiyo ikuze utu, vipaji na uwezo wa mtoto wa akili na mwili. Utu huo unalindwa pia katika mambo madogo: picha na habari za mtoto zisisambazwe bila ridhaa yake na ya mlezi, na mfadhili asiwasiliane naye faraghani bila shirika linalosimamia ufadhili kujua.

Kabla ya kutoa fedha, mfadhili aliulize shirika mtoto atahudumiwa hadi hatua gani ya masomo, nani humtembelea nyumbani, na kuna akiba gani endapo mfadhili atashindwa kuendelea. Anayeona hataweza kuendelea atoe taarifa mapema, ikiwezekana kabla ya mwaka wa masomo kuanza, ili mtoto atafutiwe mfadhili mwingine bila kukatishwa masomo.